Mtoto mwenye wasiwasi au sonona: tumpeleke kwa nani kwanza?

Mzazi anayeanza kuona kwamba mtoto wake hayuko sawa hakosi ushauri. Anachokosa ni namna ya kuupima ushauri huo. Bibi atataka mtoto asomewe dua, shangazi atasema amedekezwa mno, jirani atapendekeza apumzishwe shule mpaka atulie, mwalimu wa darasa atashauri apelekwe hospitali, na muuzaji wa duka la dawa yuko tayari kutoa vidonge vya kumsaidia kulala. Wote hao husema kwa nia njema, na baadhi yao wako sahihi, ila kila mmoja yuko sahihi kwa mtoto wa namna fulani na katika hatua fulani ya tatizo. Nimekuwa mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya bweni kwa miaka mingi, na nimekaa na wazazi waliofika ofisini wakiwa wamekwisha kujaribu njia tatu au nne bila mafanikio. Kosa ninalolikuta mara nyingi si kwamba walichagua njia mbaya, bali kwamba walichagua njia nzuri kwa ajili ya tatizo ambalo mtoto wao hakuwa nalo. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na hali mbili zenyewe, wasiwasi na sonona, kabla ya kufika kwenye milango ya kubisha.

Wasiwasi na sonona ubavu kwa ubavu

Wasiwasi hukaa katika yale ambayo bado hayajatokea. Mtoto huuliza na kuuliza tena: mama akipata ajali akirudi kazini itakuwaje, nikiitwa ubaoni nikakosea je, usiku mwizi akiingia nani ataamka kwanza. Kila mtoto huogopa kitu, na hofu ya giza kwa mtoto wa miaka minne ni sehemu ya kukua. Wasiwasi unaohitaji msaada ni ule unaodumu kwa wiki na miezi, usiolingana na hatari iliyopo, na unaoanza kumnyang'anya mtoto shule, marafiki au usingizi. Mwilini hujitokeza kama tumbo linalouma, kichwa, moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho na haja ndogo ya mara kwa mara. Mzazi makini ataona kwamba maumivu hayo yana ratiba: huanza Jumapili jioni, hukolea Jumatatu alfajiri, na hupoa mara tu mtoto anapoambiwa kwamba leo abaki nyumbani. Hapo ndipo watu wengi husema anaigiza, nao wanakosea, kwa maana tumbo hilo huuma kweli. Mwili uliojiandaa kukimbia hatari huvuruga kazi ya tumbo, na mtoto wa miaka tisa hana maneno ya kuieleza hofu isipokuwa kuonyesha panapouma.

Sonona, ambayo wasomaji wengi wameizoea kwa jina pana la msongo wa mawazo, haina ratiba ya namna hiyo. Haimtishi mtoto kwa jambo lijalo, bali humwondolea ladha ya yale aliyonayo. Mvulana aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani huacha viatu vyake vya mpira uvunguni. Msichana aliyekuwa akiongoza mchezo wa rede hukaa pembeni na kuangalia. Chakula anachokipenda hubaki nusu sahani. Usingizi hauji, au ukija hauishi. Mwanafunzi hodari husoma ukurasa mmoja mara tano bila kushika neno, kisha hujilaumu kwamba ni mjinga na mzigo kwa nyumba nzima. Zaidi ya hayo, kwa watoto na vijana huzuni hii si lazima ionekane kama machozi: mara nyingi huonekana kama hasira za karibu, majibu ya mkato na ugomvi juu ya mambo madogo, na ndiyo sababu wengi wao huadhibiwa kwa ujeuri kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba wanaumwa. Wataalamu huanza kuita hali hii sonona pale dalili zinapokuwapo karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili na kuharibu maisha ya kawaida. Huzuni ya msiba ni jambo tofauti. Huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi mtoto huweza kucheza na kucheka.

Swali lililonisaidia kuliko mengine katika kuzitenganisha ni hili: kile kinachomtisha kikiondolewa, mtoto huwaje? Mwenye wasiwasi, shule ikifungwa, huchangamka ndani ya siku chache. Mwenye sonona hufika siku ya Idi au Krismasi, binamu wote wamejaa uani, naye yuko chumbani amegeukia ukuta. Hilo si kipimo cha hospitali, na hali hizi mbili hukaa mara nyingi ndani ya mtoto mmoja, kwani wasiwasi uliodumu miaka bila msaada huweza kufuatwa na sonona wakati wa kubalehe. Wala si watoto wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, jambo ambalo katika darasa la wanafunzi 50 ni kama wanafunzi saba, na wasiwasi na sonona ni miongoni mwa matatizo yanayoongoza.

Tofauti hii hubadilisha kile ambacho mzazi anapaswa kufanya kesho asubuhi. Mtoto mwenye wasiwasi akipumzishwa nyumbani wiki mbili hupata nafuu kubwa siku ya kwanza, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa wake, kwa sababu akili imejifunza kwamba kukwepa ndiyo dawa, na lango la shule litakuwa refu zaidi siku atakayorudi. Anachohitaji ni kukisogelea kile anachokiogopa kwa ngazi ndogo ndogo: siku ya kwanza afike langoni na kurudi, siku nyingine aingie darasani kabla wenzake hawajafika, kisha abaki mpaka mapumziko, na kila ngazi irudiwe mpaka moyo wake utulie ndipo apande inayofuata. Maneno ya kumwambia ni machache: "Najua unaogopa, mwanangu, na najua utaweza." Nusu ya kwanza inaikubali hofu yake na nusu ya pili inamwonyesha imani, na zote mbili zinahitajika, mzazi anayesema ya kwanza peke yake humwacha pale alipo, na anayesema ya pili peke yake humfanya ajione hasikilizwi.

Mwenye sonona hapandi ngazi za hofu. Yeye amekosa nguvu ya kuinuka. Kumwambia ajikaze ni kumwongezea ushahidi kwamba ameshindwa. Kinachomfaa ni kazi ndogo sana na mtu wa kuifanya naye: "Baba, nisindikize sokoni, tutarudi mara moja," au kumenya viazi pamoja bila kumhoji, au kutembea mpaka kwa babu na kurudi kabla ya magharibi. Watu hudhani hamu ikirudi ndipo mtoto atarudi kwenye shughuli, lakini katika sonona mambo huenda kinyume, shughuli hutangulia na hamu hufuata nyuma taratibu. Kwa hali zote mbili fimbo haina nafasi. Nimeona watoto waliochapwa kwa ajili ya tumbo la Jumatatu na wengine waliochapwa kwa kushuka darasani, na sijaona hata mmoja aliyepona kwa njia hiyo.

Kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya kuanza ngazi zozote, nami ninaomba lisirukwe. Hofu ya mtoto inaweza kuwa ya kweli kabisa. Mtoto anayekataa kwenda kwa mjomba, anayelia akiachwa na dereva fulani, au anayekataa bweni moja tu na si shule yote, huenda anamkimbia mtu anayemdhuru, na kumlazimisha amsogelee mtu huyo kwa jina la kumzoesha ni kumrudisha mikononi mwa mkosaji. Muulize akiwa peke yake, katika saa tulivu, kama kuna mtu anayemwonea, anayemtisha au anayemgusa, na akisema, mwamini kwanza. Vivyo hivyo zahanati ipime upungufu wa damu, malaria, macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao anaweza kuonekana mwenye hofu ya darasa, na mwenye damu kidogo anaweza kuonekana amekata tamaa.

Milango iliyopo, na kila mmoja unafaa nini

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani, na watu huudharau kwa kuwa hauna bango. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, wakiongozwa na Eli Lebowitz, walichapisha utafiti wa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye wasiwasi. Kundi moja la watoto lilipata tiba ya mazungumzo. Katika kundi la pili mtoto hakuonana na mtaalamu wa tiba hata kidogo, bali wazazi wake ndio waliofundishwa namna ya kumuunga mkono bila kuendelea kumsaidia kukwepa. Matokeo ya kundi la pili hayakuwa duni kuliko ya kundi la kwanza. Kwa mzazi aliye mbali na mji hii ni habari njema sana: yale unayoyabadilisha wewe, kama kuacha kujibu swali lile lile mara thelathini usiku au kuacha kulala chumbani kwa kijana wa miaka kumi na mbili, ni sehemu ya tiba yenyewe. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inafaa wasiwasi kuliko sonona, na inamhitaji mzazi ambaye mwenyewe ana nafasi ya kupumua. Mama aliyelemewa au baba anayelewa kila jioni hataweza kuibeba peke yake, na kumtafutia yeye msaada kwanza huwa ndiyo hatua ya kumsaidia mtoto.

Mlango wa pili ni shule. Faida yake ni ukaribu: mwalimu wa malezi na unasihi humwona mtoto kila siku, halipwi na mzazi kwa kila kikao, na anaweza kubadilisha mambo ambayo daktari hawezi, kama kumhamisha dawati, kumpa mtoto njia ya kutoka darasani kwa dakika tano bila kuomba mbele ya wenzake, au kukomesha uonevu wa bwenini. Udhaifu wake ninaujua kwa karibu. Mwalimu huyo huyo huwa pia mwalimu wa nidhamu au wa hisabati, wanafunzi ni mamia, na siri iliyosemwa ofisini saa nne huweza kufika chumba cha walimu kabla ya saa sita. Mzazi na aulize waziwazi: nani atajua yale ambayo mtoto wangu atakueleza? Jibu likiwa la kusitasita, shule itumike kwa mambo ya dawati na bweni, na mazungumzo ya ndani yatafutiwe mahali pengine.

Hata hivyo shule zetu zinaweza kufanya zaidi ya hayo, na ushahidi upo jirani. Nchini Kenya, kikundi cha watafiti wa Shamiri, taasisi inayoshughulikia afya ya akili ya vijana, kikiongozwa na Tom Osborn kiliwafuatilia wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Wanafunzi hao waliketi katika vikundi vidogo vilivyoongozwa na vijana waliokwisha kumaliza sekondari, si madaktari, kwa vikao vinne tu vya saa moja moja kila wiki. Walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika na kukua, juu ya shukrani, na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za wanafunzi waliopewa vikao vya mbinu za kusoma. Mpango wa namna hii unagharimu kidogo na haumbandiki mtoto jina la ugonjwa. Haumfai yule ambaye tayari anajidhuru au ameacha kula, na mwenye hofu kuu ya kusema mbele ya watu anaweza kunyamaza vikao vyote vinne, lakini kwa wale wengi walio katikati ninautamani katika kila shule.

Mlango wa tatu ni wa mnasihi au mwanasaikolojia tiba. Tiba ya mazungumzo inayofaa watoto si kuketi na kulia mbele ya mgeni. Mtaalamu mzuri humsaidia mtoto kutambua wazo linalomtisha, kulipima kwa ushahidi, kujifunza kuutuliza mwili, na kisha kuzipanda zile ngazi au kuzirudia shughuli kwa mpango ulioandikwa, na baina ya kikao na kikao mtoto huwa na kazi ya kufanya nyumbani. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua kati ya vikao vinane na kumi na sita. Tatizo ni umbali na gharama: wataalamu hawa wamekusanyika katika miji mikubwa, na familia ya wilayani hulipa nauli kabla ya kulipa kikao. Tatizo la pili ni kwamba mtu yeyote anaweza kutundika kibao cha ushauri nasaha. Muulize alisomea wapi, amewahi kufanya kazi na watoto wa umri gani, mpango wake ni wa vikao vingapi, na mtatambuaje kwamba mtoto anaendelea vizuri. Mtaalamu wa kweli hakasirishwi na maswali hayo. Anayehubiri kikao kizima, au anayezungumza na mzazi saa nzima huku mtoto amekaa kama mshitakiwa, si wa kurudiwa.

Mlango wa nne ni hospitali, na hapa majina yenyewe hutisha. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja yamekuwa maneno ya kutukaniana mitaani, na mzazi huona akimpeleka mtoto huko amemfungia mlango wa maisha. Ukweli ni kwamba watoto wengi wenye wasiwasi au sonona hawahitaji kulazwa wala kufika huko. Huhudumiwa kwa kwenda na kurudi, kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au kliniki za magonjwa ya akili katika hospitali kubwa kama Muhimbili. Kinachoipa hospitali nafasi yake ni mambo matatu ambayo milango mingine haina: uwezo wa kupima magonjwa ya mwili, uwezo wa kumlinda mtoto aliye hatarini, na uwezo wa kuandika dawa inayostahili.

Mlango wa tano ni wa dini, na sikubaliani na wanaosema haufai. Sheikh au mchungaji anayeifahamu familia, anayemtembelea mtoto, anayemrudisha kwenye kwaya au madrasa kwa upole na kumwambia kwamba kuumwa si dhambi, humpa kitu ambacho kliniki haitoi, yaani jamii inayomtambua kwa jina. Njia hii huenda vizuri ikiwa sambamba na tiba. Inageuka hatari pale mtoto anapoambiwa aache dawa, anapolazimishwa kufunga kula kwa siku nyingi, anapofungwa kamba, anapopigwa ili kitu kimtoke, au anapofundishwa kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani. Kuhusu mganga msimamo wangu ni mkali zaidi. Mtoto aliyejaa hofu anayeambiwa kwamba ndani yake kuna jini, au kwamba bibi yake ndiye aliyemroga, anarudi nyumbani na hofu mbili badala ya moja, na ukoo unarudi na ugomvi ambao hautaisha.

Mlango wa duka la dawa ufungwe. Dayazepamu, ambayo wengi huiita valiamu, humlaza mtoto bila kumfundisha chochote na huzoeleka haraka; amitriptilini, ambayo hupatikana kwa urahisi, haipendekezwi na Shirika la Afya Duniani kwa sonona ya watoto na vijana, na ikimezwa kwa wingi huua kwa kuvuruga moyo. Sitaki nyumba yenye kijana aliyekata tamaa iwe na pakiti ya vidonge hivyo kabatini.

Mazungumzo au dawa

Swali hili huwagawa wazazi kuliko yote, na bahati nzuri lina majibu ya tarakimu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawa watoto 488 wenye wasiwasi, wa miaka 7 hadi 17, katika makundi manne kwa wiki 12. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 81 kati ya waliopewa mazungumzo pamoja na dawa ya setralini, asilimia 60 kwa mazungumzo peke yake, asilimia 55 kwa dawa peke yake, na asilimia 24 kwa vidonge visivyo na dawa. Utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, wa mwaka 2004, uliwahusu vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona ya kati hadi kali: asilimia 71 walipata nafuu kwa mchanganyiko, 61 kwa dawa ya fluoksetini, 43 kwa mazungumzo na 35 kwa vidonge visivyo na dawa. Vijana wa tiba tatu za kweli walipoendelea kufuatiliwa mpaka wiki ya 36, pengo lilizibika. Mchanganyiko ulikuwa asilimia 86, na dawa na mazungumzo kila kimoja asilimia 81.

Mimi huzisoma tarakimu hizo hivi. Katika wasiwasi, mazungumzo yana nguvu ya kutosha kuanza nayo, na dawa isubiri. Katika sonona nyepesi pia yaanze mazungumzo, lakini katika sonona kali, pale kijana asipoweza hata kuzungumza, dawa humwinua mapema zaidi, na mazungumzo yanayofuata hupata mtu wa kuzungumza naye. Mzazi anayekataa dawa kwa kijana wa namna hiyo kwa kuamini kwamba mazungumzo ni ya asili zaidi anamwongezea miezi ya mateso ambayo angeweza kuepushwa.

Dawa zina masharti yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya kawaida vya afya hautaki watoto chini ya miaka 12 waandikiwe dawa za sonona, na kwa vijana huitaja fluoksetini baada ya njia za mazungumzo kutotosha. Kwa mdogo zaidi, uamuzi ni wa daktari bingwa. Dawa hiyo huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi yake, na haiachwi ghafla mtoto anapoanza kucheka. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa hizi baada ya kuona kwamba mawazo au matendo ya kujidhuru yalijitokeza kwa takriban asilimia 4 ya watoto na vijana waliozitumia, kulinganisha na asilimia 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa; katika majaribio hayo hakuna aliyejiua. Onyo hilo halimaanishi kukataa dawa. Linamaanisha kwamba daktari amwone kijana kila wiki mwanzoni, na kwamba vidonge vikae kwa mzazi, si chini ya mto wa mgonjwa. Daktari anayeandika dawa ya miezi mitatu na kusema tuonane zikiisha hajatimiza wajibu wake.

Pale ambapo hakuna kuchagua

Ulinganisho wote huu hufutika pale mtoto anaposema kwamba afadhali asingekuwepo, anapojikata, anapogawa vitu vyake avipendavyo, au anapokuwa ametulia ghafla baada ya wiki za kukata tamaa. Hapo safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na mpaka mfike asiachwe peke yake. Sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mimea na vidonge vyote viondolewe nyumbani na si kufichwa tu, kwa maana watoto wanajua tunapoficha. Muulize kwa maneno ya wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na watoto wengi hujibu kwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Usiku ukiwa umeingia na hujui wa kumwuliza, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya pia. Baadhi ya wazazi huficha tukio kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba, na popote ulipo maisha ya mtoto yatangulie hofu hiyo.

Kama si hatari, mimi ningepanga hivi. Mtoto wa shule ya msingi mwenye tumbo la Jumatatu, anayecheka Jumamosi, ningeanza naye nyumbani kwa ngazi huku nikishirikiana na mwalimu wake, na kama baada ya wiki nne hajapanda hata ngazi moja ningemtafuta mwanasaikolojia. Kijana wa sekondari aliyeshuka darasani na kujitenga kwa wiki tatu ningempeleka kwanza hospitali ya wilaya apimwe mwili, kisha kwa mtu wa mazungumzo, na sheikh au mchungaji wake ningemwomba amtembelee bila mahubiri. Kijana asiyekula, asiyelala na asiyejibu, ningekwenda moja kwa moja kliniki ya magonjwa ya akili, na sitajali jina la hospitali.

Kwa mlango wowote utakaochagua, nenda na daftari. Andika kwa wiki mbili saa aliyolala na kuamka, alichokula, siku alizokosa shule, maumivu yalianza saa ngapi na yalipoa saa ngapi, na ndugu yeyote wa ukoo aliyewahi kuumwa namna hiyo au kujiua, hata kama jambo hilo halizungumzwi nyumbani. Acha ukurasa mmoja wazi, mpe mtoto aandike mwenyewe kile anachotaka kijulikane, usiusome, na mwombe daktari au mnasihi azungumze naye dakika chache bila wewe kuwapo. Kikao cha pili kikiisha, muulize mtoto swali moja tu mkiwa njiani kurudi: huyu mtu anakusikiliza? Akisema hapana mara mbili, badilisheni mtu kabla ya kubadilisha tiba.